Marejeo ni Ngamani: Hotuba kwa Mafundi na Wenye Boti za Faiba kuhusu Sakafu Iliyooza

Ndugu mafundi, manahodha, mabaharia na wenye vyombo, asalaam aleikum, na kwa wengine habari za asubuhi.

Wazee wa pwani wametuachia msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Leo nauchukua kwa maana yake ya kwanza kabisa, ile ya chombo: tezi ni nyuma, omo ni mbele, na ngama ni tumbo la chini kabisa ndani ya chombo. Mvua ikinyesha omoni, wimbi likiruka upande, barafu ya samaki ikiyeyuka katikati, maji yote yataishia ngamani. Ndani ya jahazi ngama iko wazi, baharia anaiona na kuyachota maji yake kila siku. Ndani ya boti ya faiba ya futi 16 au 18 ngama imefunikwa na sakafu, na sakafu ile huanza kuozea upande wa chini, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Siku mguu unapozama ujue kazi ya kuoza ilishamalizika zamani.

Kwa hiyo kabla fundi hajashika msumeno, ajiulize swali moja: maji yakiingia chini ya sakafu hii, yatatokea wapi? Mkilishika swali hilo, nusu ya niliyokuja kuyasema mtayapata wenyewe.

Faiba yenyewe, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, ile gundi ya maji inayokauka ngumu, haiozi. Kinachooza ni plaiwudi iliyofungwa ndani yake, na mbao za mihimili, ile miwili au mitatu inayolala chini ya sakafu kutoka omo hadi tezi. Kuvu inayokula mbao inataka hewa kidogo, joto, na unyevu. Joto la pwani yetu inalo mwaka mzima. Unyevu ndio pekee ulio mikononi mwetu: ubao ukikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu haiwezi kuula.

Wengi wanalaumu bahari. Bahari ina lawama ndogo. Chumvi huizuia kuvu, ndiyo maana ubao uliolowa maji ya chumvi tupu huchelewa kuoza. Muuaji ni maji ya mvua. Boti iliyovutwa pwani wakati wa masika, haina turubai, kizibo cha tundu la kutolea maji kimeachwa ndani, na omo limelala chini kuliko tezi, itaoza kwa misimu miwili tu ilhali mwenzake anayekwenda bahari kila siku bado mzima. Ubao wa jahazi nao hulowa, lakini upande wa ndani uko wazi, upepo unapita, hulowa na kukauka. Plaiwudi iliyovikwa faiba pande zote ikishaingiza maji ni kama nguo mbichi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Haikauki hata ukiianika mwezi mzima.

Maji huingia kupitia wapi? Mara nyingi kupitia tundu la skrubu. Ng'oa skrubu moja ya mguu wa kiti kwenye boti ya miaka kumi uitazame. Juu, chini ya kichwa, inang'aa. Katikati imegeuka nyeusi. Meno ya chini yamejaa uji wa kahawia wenye harufu ya uyoga. Tundu hilo lilitobolewa, skrubu ikapigwa kavu bila kitu chochote cha kuziba, na tangu siku hiyo kila mvua imeingiza matone machache. Sehemu nyingine ni kingo za plaiwudi ambazo fundi wa kwanza hakuzifunika kwa sababu hazionekani, na pale sakafu inapokutana na ubavu, ikiwa ilishikwa na utepe mmoja mwembamba wa mati, yaani mkeka wa nyuzi za kioo, ukapasuka.

Kupima si kazi ngumu. Piga sakafu kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, kila sentimita 15. Palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza hulia bubu. Chora mpaka kwa chaki. Kisha toboa matundu ya mm 6 ndani ya mpaka na nje yake, utazame unga unaotoka kwenye keekee. Unga mkavu wa rangi ya ubao ni salama. Unga mweusi unaonata vidoleni ni uozo. Usiishie kwenye sakafu: toboa na mihimili ubavuni, juu na chini, na upige transomu, ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Ikiwa transomu nayo imeoza, itengenezwe sasa hivi wakati sakafu iko wazi. Kufungua sakafu mara mbili ni hasara isiyo na sababu.

Nakijua kishawishi kilichopo hapa. Mwenye boti ana haraka, msimu umefika, anakwambia weka plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, tandaza mati, paka rangi. Nawaomba mafundi mkatae. Mmefunga maji na kuvu katikati ya mbao mbili, mmeongeza uzito, na ubao mpya unakwenda kuoza kutoka chini kama ule wa kwanza. Skrubu zake zimeshika ubao uliooza, yaani hazijashika kitu.

Tena sakafu haikuwekwa kwa ajili ya kukanyaga peke yake. Chukua sanduku lisilo na kifuniko, lishike pembe mbili ulipinde: litapinda. Ligongomelee kifuniko, halipindi tena. Sakafu, mihimili na bodi ya boti, yaani gamba lake la nje, ni sanduku moja. Ukiiondoa sakafu, bodi inalegea, na boti iliyokaa vibaya juu ya magogo mawili itachukua umbo la magogo hayo. Ukifunga sakafu mpya katika hali hiyo, umeufungia upotofu ndani milele, na mwenye boti atashangaa kwa nini chombo kinavuta upande mmoja na mashine inakula mafuta.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuikalisha boti. Toa mashine, betri na tangi la petroli, na vipelekwe mbali, kwa sababu grenda inatoa cheche. Kalisha mkuku, ule uti wa chini wa boti, juu ya mbao nene sehemu tatu au zaidi, na mbavu uzishike kwa mifuko ya mchanga iliyoshindiliwa, si kwa ncha za magogo. Weka pimamaji juu ya transomu na juu ya kingo za omo, zikubaliane. Vuta uzi kutoka ukingo wa kulia hadi wa kushoto sehemu tatu, na kila uzi pima kina hadi sakafuni. Andika vipimo ubavuni kwa kalamu ya wino usiofutika. Pigilia mbao mbili za kukingama juu ya kingo ili zisitanuke. Saa mbili za kazi hii zinaokoa boti.

Sasa ndipo tukate. Kama una msumeno wa mviringo, weka kina cha meno kiwe sawa na unene wa sakafu na milimita 2 zaidi, usije ukaikata mihimili au, Mungu apishe mbali, bodi. Kata sentimita 5 ndani kutoka ubavuni kuzunguka pande zote, kisha ng'oa vipande kwa mtaimbo. Ule ukingo uliobaki ubavuni utautoa baadaye kwa grenda na patasi, taratibu. Kipande kikubwa kilichotoka kizima usikitupe, hata kama kimeoza: kitakusaidia kukata kadibodi ya kupimia ubao mpya, ukiongeza zile sentimita 5 za ukingoni.

Chini ya sakafu utakutana na povu, lile povu la manjano au jeupe lililomwagwa kiwandani ili boti ielee ikijaa maji. Marekani, kwa boti nyingi ndogo zilizo chini ya futi 20, kuelea huku ni sharti la kisheria, na povu la chini ya sakafu ni moja ya njia zinazotumika kulitimiza. Watu wanaambiwa povu hili halinywi maji. Likikaa majini miaka linakunywa. Kata kipande kama tofali kutoka sehemu ya chini kabisa, ukikamue. Povu kavu la uzito wa kawaida lina kilo 32 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo tofali la lita 2 halifiki gramu 70. Ukiona linavuja kama sifongo na uzito wake ni kilo moja, usidanganyike na sehemu ya juu iliyo kavu. Lita 100 za povu zilizokunywa nusu yake zimebeba kilo 50 za maji, sawa na abiria asiyelipa nauli, na kila siku povu hilo linaunyonyesha mhimili maji. Litoe lote lililolowa, kwa koleo na kwa mkono.

Mihimili tuizungumze kwa utulivu kidogo, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Mara nyingi gamba la faiba la mhimili ni zima na ubao wa ndani ndio uliokuwa uji. Ukiwa hivyo, usiubomoe wote. Pasua gamba kwa juu, toa uozo kwa patasi na kijiko cha chuma mpaka ufikie faiba tupu, kausha, kisha ingiza ubao mpya uliopakwa resini pande zote na kulazwa kwenye pati, yaani resini iliyokorogwa na unga hadi iwe nzito. Fanya mhimili mmoja kwanza, uufunge, ugande, ndipo uende wa pili. Ukiitoa yote kwa pamoja umeiacha boti bila uti wa mgongo. Kama gamba nalo limepasuka, jenga mhimili upya: ubao mkavu ulionyooka, pembe za juu zimeviringishwa kwa randa kwa sababu mati haikubali kukunjwa kwenye pembe kali, na chini pande zote mbili pati iliyoviringishwa kwa kijiko. Juu yake tabaka 3 za mati ya gramu 450 kwa mita moja ya mraba, kila tabaka ikitambaa kwenye bodi pana kuliko iliyotangulia, ya mwisho ifike sentimita 7 au 8 kila upande.

Na hapa lile swali letu. Kila mhimili na kila ubao wa kukingama uwe na tundu la kupitishia maji kwenye sehemu ya chini kabisa, lisilopungua mm 25. Tundu dogo huzibwa na magamba ya samaki na nyuzi za kamba kwa wiki moja. Njia nzuri ni kukata kipande cha bomba la plastiki, ukilaze kwenye tundu na kukijengea faiba kuzunguka, ili ubao wa ndani usiguswe na maji kamwe. Ubao uliotobolewa na kuachwa uchi ndani ya tundu la maji ni mlango uliouacha wazi kwa mkono wako mwenyewe.

Baada ya kubomoa, osha ndani yote kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Najua inaonekana kinyume, tunataka kukausha halafu tunamwaga maji. Lakini chumvi iliyobaki huvuta unyevu kutoka hewani na faiba mpya haishiki juu yake. Osha, futa, kisha acha ikauke siku 7 au zaidi chini ya turubai lililoinuliwa ili upepo upite. Kipimo cha bei rahisi ni hiki: bandika kipande cha nailoni angavu, sentimita 50 kwa 50, kwa utepe pande zote, jioni. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, subiri. Mwenye uwezo wa kuchagua wakati achague Januari na Februari, kaskazi ikivuma, kabla ya masika kuingia.

Kukwangua ndiyo kazi inayochukiwa, na ndiyo inayoamua kama faiba mpya itashika. Kila mahali mati mpya itakapogusa faiba ya zamani, pita na grenda yenye msasa namba 36 au 40 hadi rangi yote, jelikoti yote (ile ngozi ya juu inayong'aa) na uchafu wote uondoke, ubaki na faiba yenye rangi moja isiyong'aa. Panapong'aa pataachia. Unga ufyonzwe au ufagiliwe kabla ya kupitisha kitambaa cha asetoni, maana asetoni juu ya unga ni kutengeneza tope. Vaa barakoa ya vichungi, si kitambaa cha pua, na miwani iliyofunga pande, na mikono mirefu iliyofungwa kwa utepe kwenye kifundo. Ukimaliza oga maji ya baridi kwanza.

Sasa vifaa. Nachukua boti ya futi 18 yenye sakafu ya mita 3.2 kwa 1.5, na kwa kuwa omo linasonga tuseme mita za mraba 4.5. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ina karibu mita za mraba 3, kwa hiyo mbili zinatosha. Unene mm 12 ikiwa mihimili inapishana sentimita 40. Ikipishana 60, mimi naona heri kuongeza mhimili wa kukingama kuliko kununua ubao mzito. Tafuta plaiwudi ya baharini, ile ya kiwango cha BS 1088. Muhuri peke yake usikutoshe: kata kipande cha kiganja, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kikauke, ukijaribu kwa patasi. Kikiachana kama chapati ya maji, mrudishie mwenye duka. Tazama pia ukingo wake. Mapengo kati ya tabaka ni mifereji ya maji iliyokwisha kuchimbwa.

Mati: tabaka moja ya gramu 300 chini ya sakafu ni kama kilo 1.4. Tabaka mbili za 450 juu ni kilo 4 na kidogo. Mihimili miwili iliyojengwa upya inachukua kilo 4.3. Tepe za ubavuni kilo 1. Jumla karibu kilo 11, nunua 12. Resini ya poliesta hunywewa na mati mara 2.5 ya uzito wake, ongeza kilo 3 za kuulowesha ubao na kilo 3 za pati, ongeza na zinazobaki kwenye brashi na ndoo, utafika kilo 37. Hadena, kile kigandishi cha resini, kilo 1 inatosha na kubaki. Ukiona resini yako inaishia kilo 60, si mati inayokunywa, ni wewe unayemwaga, na resini iliyozidi bila nyuzi ni ganda linalopasuka kama sahani.

Kuhusu hadena naomba masikio yenu yote. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 32 asilimia 1 inatosha: mililita 10 kwa kilo 1 ya resini. Asubuhi ya baridi ya Julai panda hadi 15. Usishuke chini ya 10, resini itabaki laini ndani na haitakauka hata mwakani. Usizidi 20. Pima kwa bomba la sindano, si kwa kifuniko cha chupa. Kila ndoo mpya ya resini ijaribiwe kwanza: gramu 100 kwenye kikombe, mililita 1 ya hadena, na saa mkononi. Ikiganda kati ya dakika 15 na 25, endelea. Changanya kilo moja moja. Resini nyingi kwenye ndoo moja hujipasha joto yenyewe, hutoa moshi, huyeyusha ndoo, na ikiwa karibu na asetoni huwasha moto. Iliyobaki imwage mchangani iwe nyembamba, usiifunike.

Kama resini uliyonunua haijatiwa kobalti, kiongeza kasi cha kuganda, kiwandani na umepewa kobalti kwenye chupa ya pembeni, weka kobalti kwenye resini kwanza, koroga mpaka rangi iwe moja, ndipo utie hadena. Kobalti na hadena vikikutana vyenyewe hulipuka. Visikae rafu moja, na kijiti kimoja kisitumike kwa zote mbili. Hadena ikiruka jichoni, mwagia maji safi hapo hapo kwa dakika 15 bila kukatiza kisha hospitali, inapofusha.

Anayemudu epoksi, resini ya aina nyingine, ajue kwamba inashika ubao vizuri kuliko poliesta. Lakini haiyeyushi gundi ya mati nyingi za kawaida, hivyo itumike na kitambaa cha kufumwa, na ukishaanza na epoksi malizia na epoksi. Poliesta juu ya epoksi haishiki sawasawa.

Kata ubao kwa kipimo cha kadibodi, na uache nafasi ya mm 6 hadi 10 kati ya ukingo wake na ubavu wa boti. Ubao ukigusa bodi, kila wimbi litaupiga ukingo ule kwenye faiba mahali pamoja, na baada ya mwaka utaona mstari wa ufa kwa nje. Viungo vya mbao mbili vikae juu ya mhimili. Upande wa chini pakwe resini mara mbili. Ya kwanza unaweza kuilegeza kwa stairini kidogo, si kwa asetoni, ambayo hunaswa ndani na kuacha vitundu. Kisha tabaka ya mati 300. Kingo zote, pamoja na za matundu, zilishwe resini hadi zikatae kunywa. Ukingo wa plaiwudi ni kama mirija elfu moja iliyokatwa. Ukiutazama dakika tano baada ya kupaka umekuwa mkavu tena, na inabidi upake tena, na tena.

Kabla ya kuifunga sakafu, fanya jaribio hili, na asiyelifanya asiseme kazi imekwisha. Mwaga ndoo ya lita 20 omoni, weka ndoo tupu chini ya tundu la kizibo. Maji yatoke yenyewe bila kusukumwa na fagio. Ukipata lita 19 kwa dakika chache, funga. Ukipata 14, kuna lita 6 zimelala mahali. Zitafute kwa tochi, jaza bonde kwa pati au panua tundu, rudia. Kisha acha ikauke tena.

Povu likirudishwa, lisifike kwenye mfereji wa katikati. Povu la kuchanganya la sehemu mbili limwagwe kidogo kidogo kupitia matundu, na matundu mengine yaachwe ya kupumulia, kwa kuwa linavimba kwa nguvu inayoweza kuinua sakafu iliyokwisha kufungwa. Lita 200 za povu kavu zinabeba kilo 190 na ushei. Povu jeupe la maboksi ya samaki lisitumike tupu: resini inaliyeyusha, petroli nayo inaliyeyusha. Kwa boti ya kazi mimi napendelea madumu matupu yaliyofungwa kifuniko kwa gundi na kufungwa yasitembee. Hayanywi maji, na ukifungua kukagua unayatoa na kuyarudisha.

Laza ubao juu ya pati iliyokorogwa na unga wa silika hadi ikae kijitini bila kudondoka. Madumu 10 ya maji ya lita 20 yakae juu yake usiku kucha. Asubuhi jaza nafasi ya ubavuni kwa pati, iviringishe kwa kijiko, na kabla haijawa ngumu kabisa laza utepe wa sentimita 10, kisha wa 15, nusu sakafuni nusu ubavuni. Ndipo tabaka mbili za mati 450 juu ya sakafu yote. Mati nyeupe ni mati kavu. Ikilowa sawasawa inakuwa angavu na ubao unaonekana chini yake. Pitisha rola ya chuma kutoka katikati kwenda nje hadi viputo vyeupe viishe. Kilichobaki kama punje ya mchele leo kitakuwa lengelenge kesho. Usipande zaidi ya tabaka 3 kwa mkupuo, joto lake linapinda ubao. Ya juu kabisa iwe resini yenye nta ili ikauke bila kunata, na kama kuna kitu kitakachoshikishwa juu yake baadaye, nta ile ikwanguliwe kwanza.

Wengi hunyunyiza mchanga kwenye rangi ili miguu isiteleze, jambo jema, ila usiwe wa ufukweni. Una chumvi. Tumia wa mtoni uliooshwa na kuchekechwa.

Viti vikirudi, kila tundu la skrubu litobolewe kubwa mara mbili, lijazwe pati ya epoksi, likishaganda litobolewe tena kwa kipimo cha skrubu. Hivyo skrubu inashika epoksi na ubao haulijui tundu hilo. Skrubu ziwe za chuma cha pua cha 316. Na tezini, karibu na kizibo, acha kifuniko cha ukaguzi cha inchi 6 kinachofunguka kwa mkono. Boti ikiwa pwani kifunguliwe, kizibo kitolewe, omo liinuliwe.

Siku ya kwanza baharini, mkirudi, mfungue kifuniko hicho mara moja. Pitisha mkono na sifongo. Kukiwa na maji, yanuse kwanza. Yakiwa hayana petroli, chovya kidole uonje. Yakiwa ya chumvi, tafuta ufa kwenye bodi, kwenye kizibo au kwenye matundu ya mashine. Yakiwa baridi, yaani hayana chumvi, yametoka juu: ni mvua au barafu ya samaki, na kuna tundu moja sakafuni mlilolisahau kuziba.